Fimbo mkononi mwa baba

Wanaomtaja John Hanning Speke kuhusu Karagwe huishia kwenye vipimo. Mwishoni mwa 1861, akiwa mgeni wa Omukama Rumanika, katika himaya iliyojumuisha Karagwe na Kyerwa za leo, alimpima shemeji wa mfalme, mama aliyenoneshwa kwa maziwa hata kusimama ni shida: kifua futi 4 na inchi 4, paja futi 2 na inchi 7. Kitabu kilitoka 1863, na tangu hapo namba hizo zinazungushwa kama kioja. Hata wanaomtetea mama yule, kwamba kila jamii ina urembo wake, nao wanautazama mwili tu.

Mimi namtazama aliyeketi pembeni. Binti yake, wa miaka 16, alikuwa akinywa maziwa huku baba ameshika fimbo ili asiache. Speke anayaandika haya mbiombio, kisha anamtania binti, anamshawishi ainuke wapeane mikono, anausifu uso na kuukejeli mwili. Kuhusu fimbo hana swali. Kwake huo ni mtindo wa wanawake wa ikulu, basi.

Sitambandika binti huyo jina la ugonjwa. Lakini nimejaribu kumsoma kwa dodoso la EAT-26 la 1982, ambalo bado tunalitumia kwa vijana, na linakwama. Swali la kwanza ni kama unaogopa sana kunenepa. Jingine ni kama unaona wengine wanakushinikiza ule. Ukijibu "kila mara" unapewa alama 3, na alama hizo huhesabiwa kama dalili yako wewe. Katika nyumba ile shinikizo lilikuwa fimbo, na aliyeishika anajulikana.

Hili si la ikulu ya zamani tu. Wapo watoto wanaomaliza sahani kwa kutishiwa kiboko, na mtoto anayekula kwa amri huacha kidogo kidogo kuisikia shibe yake. Akifika utu uzima na wasiwasi wake wa chakula, dodoso litamuuliza juu ya unene.

Speke hakukwamishwa na lugha. Rumanika mwenyewe alimkaribisha kwa Kiswahili kizuri, na kwa majuma kadhaa walizungumza habari za milima, mito na njia ya kwenda Buganda.