Bahasha ya Mulready na Mkasi wa Wakusanyaji

Kazi za sanaa zilizochekwa na watu siku za kwanza za kuonekana kwake si haba. Lakini ni chache zilizochekwa upesi na kwa umoja kama bahasha aliyoichora William Mulready mwaka 1840. Wapenzi wa stempu wamekisimulia kicheko hicho mara nyingi, aghalabu kwa kuchangamsha baraza. Mimi nadhani kina jambo linalomhusu mhakiki. Waliocheka walikuwa na nusu ya haki, na wengi waliokuja baadaye kukusanya bahasha za namna hii wamepotea kwa upande wa pili.

Yafaa kwanza nieleze ni kitu gani kinachokusanywa. Karatasi za posta ninazozisema ni bahasha, kadi na karatasi za kukunja ambazo malipo yake yamepigwa chapa juu yake kabla ya kuuzwa. Hapana cha kubandika. Rowland Hill, ambaye mwaka 1837 alitoa kijitabu chake cha kudai matengenezo ya posta ya Uingereza, alizitumainia karatasi hizi kuliko stempu za gundi. Zamani zile ada ya barua ilitegemea umbali wa safari na hesabu ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa ni yule aliyeipokea. Hill alitaka mpelekaji atangulize peni moja kwa barua isiyozidi nusu wakia, iwe inakwenda mtaa wa pili au mwisho wa ufalme. Kazi ya kuchora akapewa Mulready, Mwairishi aliyezaliwa Ennis mwaka 1786 na mwanachama wa Royal Academy, na John Thompson akaichonga. Zilianza kuuzwa London Mei 1, 1840, na kutumika rasmi Mei 6, sawa na ile stempu nyeusi ya peni moja ambayo leo kila mtoto mkusanyaji anaijua.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Juu katikati ameketi Britannia, simba miguuni pake, amenyosha mikono miwili kama mtu atoaye baraka. Wajumbe wenye mabawa wanaruka kutoka kwake kwenda pande zote. Kuna tembo na ngamia, kuna Wachina, kuna Wahindi wa Amerika, kuna merikebu baharini, na kwa mbali mnyama wa nchi za theluji anakokota sleji. Chini, upande huu na upande huu, wako watu wanaosoma barua, na nyuso zao zimechorwa kwa huruma ambayo hata adui wa mchoraji hana budi kuikiri. Angalia walivyopangwa: msomaji wa barua yuko mbele yetu, karibu na nyumbani, na mataifa ya mbali yako nyuma pamoja na mizigo yao. Kwa Mulready posta ilikuwa neema inayotoka mahali pamoja. Hiyo ndiyo fikira ya dola yake, nayo ameichora kwa imani kamili.

Wenye mzaha hawakuligusa sana jambo hilo. Walishika mguu. Mmoja wa wajumbe wale anaonekana ana mguu mmoja tu, na mji mzima ukahesabu miguu. Wauza karatasi, ambao waliona serikali inaingia katika biashara yao, wakapiga chapa bahasha za mzaha za kila namna. John Leech, ambaye jina lake kwa Kiingereza ni ruba, alichora yake na kuitia sahihi ya ruba ndani ya chupa. Kufika Mei 12, siku sita tu tangu bahasha ianze kutumika, Hill alikuwa amekwisha kuandika katika shajara yake hofu kwamba itawapasa kutafuta nyingine badala yake.

Mguu ni kosa dogo. Mchoraji mzuri husamehewa mguu. Kosa kubwa ni la kiasi. Mtu ameandika mistari mitatu ya kumwomba dobi alete mashati, naye hana budi kuyapeleka chini ya baraka za Britannia, mbele ya tembo na ngamia. Na jina la yule dobi, ambalo ndilo kiini cha bahasha, limebanwa katika uwanja mdogo uliobaki katikati chini, kama mwenye nyumba aliyepewa kiti cha mlangoni katika karamu yake mwenyewe. Hapo ndipo nasema waliocheka walikuwa na nusu ya haki: walihisi kwamba kazi hii imesahau ni ya nani, ingawa hawakujua kulitaja kosa ila kwa kuhesabu miguu.

Januari 1841 ikatoka bahasha mpya ya peni moja, yenye kichwa cha malkia kilichochomoza katika rangi ya waridi, pembeni, nafasi yote iliyobaki ikaachiwa mwandishi. Kwa macho yangu hii ni kazi bora kuliko ya Mulready, ingawa hakuna aliyeisifu wala kuicheka. Walakini unyenyekevu wake ulimwita mkasi. Albamu zilizopigwa chapa Ulaya tangu miaka ya 1860 zilikuwa na vyumba vidogo vya kutia stempu, na mkusanyaji aliyepata bahasha nzima aliikata ile pembe ya mraba, akabandika, na kilichobaki akakitupa. Huko Marekani, ambako bahasha za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1853, kukata kulikuwa desturi iliyoenea, na hata leo wako wanaokusanya miraba hiyo tu. Pamoja na kilichotupwa huenda jina la mpelekewa, mihuri ya njiani, umbo la kukatwa kwa karatasi na mara nyingi sehemu ya alama ya maji, mambo ambayo ndiyo humtambulisha mtengenezaji na toleo.

Wasomi wa Kiswahili tusilione jambo hili kuwa la mbali. C. G. Büttner alipochapisha hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu mwaka 1892, barua zilikuwamo. Katika barua za watu wetu wa pwani salamu huenda zikachukua nafasi kubwa kuliko haja yenyewe, na mhariri mwenye haraka angeweza kuziona ni gamba, akazikata. Angekuwa amekata adabu, cheo na ujamaa wa waandishi wote wawili. Kadi za Deutsch-Ostafrika zilizopigwa chapa ya pesa tangu mwaka 1893 zilikuwa na nafasi ya maandishi vilevile. Anayekata stempu ya kadi kama hiyo anakata pia sehemu ya mkono ulioiandika.

Bahasha ya Mulready haikuweza kukatwa hivyo, kwa sababu picha yote ndiyo stempu. Lakini haikuponea. Akiba kubwa iliyobaki serikalini ilijaribiwa kuchomwa moto, haikufaulu, ikatengenezwa mashine ya kuzitoboa katikati. Serikali ikawa mkataji kabla ya wakusanyaji.

Zilizosalimika sasa ni za thamani, hasa zile karatasi za kukunja ambazo wafanyabiashara wa siku zile walipiga chapa matangazo yao upande wa ndani. Mwenye kuipata mojawapo mara nyingi huitia katika fremu ya kioo, Britannia mbele, akaitundika sebuleni. Na tangazo, pamoja na maneno aliyoyaandika mpelekaji, yakabaki yameelekea ukuta.