Kuhamisha, Kuhamia, Kuhamishia: Tahakiki ya Mwongozo Mmoja wa Seva

Mwongozo ninaokusudia kuujadili hapa nilionyeshwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, wilaya inayouzunguka mji wa Tabora. Umefasiriwa kutoka Kiingereza, hauna jina la mfasiri wala la mhariri, nao huzunguka maofisini kwa nakala ya nakala. Madhumuni yake ni mema: kumwelekeza fundi wa ofisi namna ya kuutoa mfumo endeshi wa zamani katika seva iliyochakaa na kuupeleka katika mashine mpya. Kiswahili chake, kwa jumla, si kibaya. Sentensi ni fupi, hatua zimefuatana vizuri, na mfasiri hakuona haya kuandika seva, diski na programu, maneno ambayo yamekwisha kupata uraia. Ugomvi wangu naye ni juu ya neno moja tu. Kwa bahati mbaya ndilo neno linaloubeba mwongozo mzima.

Kichwa cha habari chasema uhamiaji wa seva. Ukurasa wa pili wataja uhamisho. Kuanzia ukurasa wa tatu mpaka mwisho ni uhamishaji. Mtumishi wa umma asomapo uhamiaji hukumbuka hati za kusafiria na maofisa wa mipakani. Na asomapo uhamisho hujiuliza ni nani tena aliyeandikiwa barua, na kama posho yake imelipwa. Hayo tungeweza kuyacheka tukayapita. La uhamishaji halichekeshi.

Katika ofisi moja ya umma, ambayo si ya Isikizya na ambayo sitaitaja, niliona matokeo yake. Ofisi hiyo ilikuwa imepata jengo jipya na seva mpya katika mwezi mmoja. Karani aliyekabidhiwa kazi aliibeba seva ya zamani kutoka jengo la kale, akaiweka kando ya ile mpya, ambayo muuzaji alikwisha kuitia mfumo wake. Akaiwasha mpya, ikaamka. Mwongozo uliamuru kwamba, baada ya uhamishaji, diski ifutwe. Naye alikwisha kuhamisha: mashine zote mbili zilikuwa mbele yake, katika chumba kipya. Akaifuta diski ya zamani. Orodha ya leseni za biashara za miaka mitatu ikapotea, na wafanyabiashara wakaitwa walete leseni zao zinakiliwe upya, moja moja, kwa mkono. Wengine walikuwa wamekwisha kuzipoteza. Karani huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa: kuhamisha ni kutoa kitu mahali pamoja na kukipeleka mahali pengine.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana istilahi haiwezi kuwa sahihi ikiwa mwenye kuitunga hajui kinachotendeka. Chukua Windows Server 2003, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Julai 2015, au Windows Server 2008, iliyoachwa tarehe 14 Januari 2020. Diski yenye mfumo wa kale kama huo haichomolewi katika mashine moja na kuchomekwa katika nyingine kama balbu. Mfumo hujua tu maunzi ambayo viendeshi vyake vimo ndani yake. Mashine mpya huweza kuamka kwa UEFI peke yake, wala si kwa BIOS ya zamani. Diski yake huweza kuwa ya NVMe, ambayo Windows Server 2003 haikuwahi kuiona. Ukiutia humo mfumo wa kale jinsi ulivyo, huanguka katika skrini ya buluu hata kabla ya kuuliza neno la siri. Kwa hiyo fundi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hupandikiza mfumo mpya katika mashine mpya na kuhamishia humo data na kazi za seva ya zamani. Ama huuchukua mfumo wa kale mzimamzima na kuuweka ndani ya mashine pepe, ambako hudanganywa kuwa ungali katika maunzi yake ya zamani. Katika njia ya kwanza mfumo wa kale haufiki popote. Hubaki nyuma ukazimwa. Katika njia ya pili hufika, lakini unabaki na uzee wake wote, na usalama wake ni ule ule wa kitu kisichohudumiwa tena. Mfasiri ameziita zote mbili uhamishaji, na kule kuibeba mashine mikononi msomaji akakuongeza mwenyewe.

(Juu ya mashine pepe nina neno dogo. Mkulima wa mpunga huita pepe punje isiyo na kiini. Na kiini ndilo jina tuwezalo kuipa ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Basi twamwambia mkulima kwamba pepe hii inacho kiini, tena kizima. Lakini barua pepe imekwisha kushinda, na sioni faida ya kupigana vita vilivyokwisha.)

Wapo watakaosema dawa ni kutafuta nomino nyingine, yenye maana moja tu. Mimi sidhani. Kosa la mfasiri lilianza alipoiona nomino katika Kiingereza akadhani kuwa lazima aitolee nomino. Nomino ile huficha mambo matatu: ni kitu gani kinachotoka, kinatoka wapi, na kinaingia wapi. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kuyaficha. Watumishi husema kuwa Serikali imehamia Dodoma. Hakuna aulizaye ni nini kilichohamia wapi. Halmashauri zilipoacha EPICOR na kuingia katika MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, watu walisema wamehamia MUSE, nao walisema sawasawa, kwa kuwa waliohama ni wao watumiaji. Anayehamisha lazima ataje anachokihamisha. Anayehamishia lazima ataje vyote viwili, kitu na kituo chake. Mnyambuliko huu mtoto huujua kabla ya kwenda shule, nasi wasomi twauacha tukimbilie u- na -ji kwa sababu yanafanana na lugha ya vitabu.

Kisha yako maneno ambayo mfasiri angeyaokota njiani. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo mizigo ilibadilisha mabega. Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857 wapagazi wao walitawanyika, na mizigo ikabaki ikingoja wachukuzi wengine. Livingstone naye alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872 akiwangoja watu kutoka pwani. Kazi ile ilikuwa na vitenzi vyake: kutua ni kuushusha mzigo, kutwika ni kuuweka kichwani au begani mwa mtu. Mzigo ni ule ule, mchukuzi ndiye mpya. Na kati ya bega na bega upo muda ambao mzigo umekaa chini, waweza kuhesabiwa. Muda huo ndio nakala ya akiba, na ndio uliokosekana kwa yule karani.

Sipendekezi kwamba Baraza lisanifishe utwikaji wa data. Nilipoutaja mfano huu Isikizya, mmoja alicheka akasema seva si gunia, na alikuwa na haki yake. Nasema tu kwamba mfasiri aliyekuwa na picha ya mzigo ulio chini asingeandika kwa sentensi moja kuwa diski ifutwe baada ya uhamishaji. Angeandika kwa sentensi nne: nakili data zote za seva ya zamani katika diski ya tatu, hamishia data hizo katika seva mpya, linganisha hesabu ya mafaili ya seva zote mbili, ikiwa zinalingana, na seva mpya imefanya kazi kwa muda uliopangwa, ndipo ufute diski ya seva ya zamani. Kichwa cha mwongozo nacho kingekuwa Jinsi ya Kuhamishia Data katika Seva Mpya. Ni kirefu kuliko kile cha kwanza kwa maneno manne, na hakuna ofisa wa mpakani atakayedhani kinamhusu.

Sentensi hizo nimeziandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa nakala niliyoazimwa, nikairudisha. Mtunza kumbukumbu mwenye nakala alizisoma mara mbili, kisha akaniomba niongeze jambo ambalo si la lugha: mstari wa kutia sahihi mtu aliyehesabu mafaili, kabla ya hatua ya kufuta. Niliuongeza.