Kitabu Bila ya Mwalimu: Neno kwa Anayeanza Yoga



Huenda umefikia umri ambao ukiinuka kutoka kwenye sijida mkono hutafuta pa kushika. Au huenda mgongo wakusumbua, na jirani amekushauri ujaribu yoga. Ukiuliza waanzaje, aghlabu utatajiwa kitabu kimoja: "Light on Yoga", yaani Mwanga juu ya Yoga, cha B.K.S. Iyengar, kilichotolewa London mwaka 1966 na ambacho hadi leo chasomwa duniani kote. Nimekisoma, tena nimekitenda, na yaliyonipata nitakueleza. Nataka tukipime kwa maswali mawili. Je, chamfaa mtu anayeanza? Na je, chamfaa Muislamu anayeanza? Watu huyachanganya maswali haya, walakini kila moja lina jibu lake.

Kwanza tumjue mwenye kitabu. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, wakati homa kubwa ya mafua ilipokuwa ikizunguka dunia. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mume wa dada yake, T. Krishnamacharya, alimchukua mjini Mysore akamfunza yoga, na mwaka 1937 kijana huyo akaenda Pune kufundisha. Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla mashuhuri, Yehudi Menuhin, ambaye alimfungulia mlango wa Ulaya na ndiye aliyekiandikia dibaji kitabu hiki. Iyengar alifariki Pune mwaka 2014, akiwa na miaka 95. Basi tusidhani kuwa mtu tunayemwona katika picha zile alizaliwa na mwili wa chuma. Alikuwa mgonjwa aliyejijenga kwa miaka mingi, tena chini ya mkono wa mwalimu. Jambo hili la mwalimu ulishike, kwani tutalirudia.

Sasa tukitazame kitabu chenyewe. Uzuri wake ni mkubwa na haifai kuuficha. Kina picha karibu 600 na mikao karibu 200. Kila mkao umepewa namba ya ugumu wake, kuanzia 1 hadi 60, ili msomaji ajue yuko kwenye ngazi gani. Mkao wa kwanza kabisa si kujikunja wala kujipindua, bali ni kusimama tu, miguu pamoja, mwili umenyooka kama mlima. Mwandishi aeleza kuwa wengi hatujui kusimama: huuegemeza mzigo wa mwili mguu mmoja, au kisigino kimoja, na ushahidi wa hayo huonekana katika visigino vya viatu vyetu jinsi vinavyolika upande. Niliposoma hapo nilikwenda mlangoni nikavitazama viatu vyangu. Cha kulia kilikuwa kimelika vibaya upande wa nje. Mtu anayesimama katika swala mara tano kila siku, miaka na miaka, nami sikuwa najua nasimama vipi!

Lakini kitabu hicho hicho kina kasoro mbili kwa anayeanza.

Kasoro ya kwanza imo katika ratiba iliyowekwa mwishoni, ambayo yachukua wiki 300. Katika wiki ya kwanza na ya pili tu, pamoja na mikao ya kusimama, mwanafunzi ameandikiwa kusimama juu ya mabega miguu ikiwa hewani, kisha kuilaza miguu ile nyuma ya kichwa, mkao uitwao plau. Katika picha mwandishi afanya hayo bila ya mabega yake kuinuliwa kwa kitu. Yeye shingo yake ilikwisha kuzoea, lakini yako na yangu hazijazoea.

Nami, kwa haraka ya kutaka kuonekana ningali kijana, nilifuata. Usiku mmoja nilitandika mkeka chumbani, nikafungua kitabu sakafuni, nikainua miguu. Nikaitazama picha kwa jicho la pembeni, na hapo shingo ikalia. Alfajiri ya pili yake, nilipofika mwisho wa swala, sikuweza kugeuza uso kuliani kutoa salamu. Ikanilazimu kugeuka na mabega yote, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Siku kumi na mbili nilikaa hivyo. Simlaumu mwandishi peke yake. Kitabu kilinionyesha alivyofanya yeye, walakini hakikuweza kuniona ninavyofanya mimi.

Nilipopona nilikwenda kwa mama mmoja mtu mzima afundishaye mtaani. Hata kabla ya kuniuliza jina aliuliza shingo yangu ina nini. Kisha akanikataza mkao ule kwa miezi, akanirudisha kwenye kusimama. Uliporuhusiwa, aliweka mablanketi matatu yaliyokunjwa chini ya mabega, kichwa kikabaki sakafuni, shingo ikapata nafasi. Kumbe hayo ni mafundisho ya Iyengar mwenyewe, ambaye baadaye alisifika ulimwenguni kwa kutumia mablanketi, mikanda, vipande vya mbao na viti kumsaidia dhaifu. Mwalimu aliendelea kujirekebisha, ila picha za mwaka 1966 zimebaki vile vile.

Haya kwetu si mageni, ndugu msomaji. Nani kati yetu alijifunza tajwidi kwa kusoma karatasi? Tulikaa mbele ya mwalimu, akasikia herufi inatokea pasipo mahali pake, akatukatiza, tukarudia. Mwili nao una makhraji yake, na kosa la mgongo wako huwezi kuliona mwenyewe. Basi kitabu hiki ni kizuri kwa mwenye mwalimu, na ni hatari kwa asiyekuwa naye.

Kasoro ya pili ni ahadi za tiba. Mwishoni kuna orodha ndefu ya maradhi, na kila ugonjwa umeandikiwa mikao yake: pumu, kisukari, shinikizo la damu, hata kidole tumbo. Hapa yatupasa kuwa wakali. Kidole tumbo kikiwaka, mtu hupelekwa hospitali upesi, na kumchelewesha kwa mazoezi ni kuihatarisha roho yake. Mwenye shinikizo la damu au presha ya macho asijipindue kichwa chini kabla ya kumwuliza daktari, kwani kichwa kikiwa chini msukumo ndani ya jicho huongezeka. Faida iliyothibitika ipo, nayo ni ya kiasi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kiliitaja yoga miongoni mwa mambo yasiyo dawa yanayoweza kujaribiwa kwa maumivu ya kudumu ya mgongo wa chini. Hiyo yatosha, na hakuna haja ya kuongeza chumvi.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la dini. Hapa namsifu Iyengar kwa jambo moja: hakuficha kitu. Wauzaji wengi wa yoga siku hizi husema ni kunyoosha viungo tu. Yeye asema wazi, tangu utangulizini, kuwa neno lenyewe maana yake ni kuunganisha, kwamba mikao ni daraja moja tu katika madaraja manane yaliyopangwa na Patanjali, na kwamba mwisho wa safari hiyo ni roho kuungana na Mungu kama wao wanavyomwelewa. Kitabu chafunguliwa kwa sala ya kumwinamia Patanjali. Mikao kadhaa imepewa majina ya miungu na mashujaa wa Kihindu, pamoja na visa vyao. Basi asiseme mtu kuwa alidanganywa.

Wala Waislamu si leo walipoanza kuyajua mambo haya. Mwanachuoni Al-Biruni, katika karne ya 11, alijifunza Kisanskriti akakifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu. Aliyaeleza ya Wahindi kama wayasemavyo wenyewe, bila ya kuyakejeli na bila ya kuyafuata. Adabu hiyo twaihitaji hata leo.

Wanavyuoni wa zama zetu nao wamelizungumza. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilisema kuwa yoga inayochanganya mazoezi, ibada na maneno ya mantra haimfai Muislamu. Na Waziri Mkuu wa wakati ule, Abdullah Ahmad Badawi, akafafanua kuwa mazoezi ya viungo bila ya mantra hayakukatazwa. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia likakataza ile yenye ibada na mantra, likaacha ile iliyo mazoezi matupu. Na mwaka 2017 Saudi Arabia ikaiorodhesha yoga kuwa mchezo unaoruhusiwa. Mimi si mufti, na mwenye shaka amwendee shekhe wake. Lakini utaona kuwa mpaka uliochorwa haupiti kwenye goti wala mgongo. Wapita kwenye ulimi na moyo: unatamka nini, na umekusudia nini.

Kwa hiyo, unayeanza, nakuusia haya. Tafuta mwalimu kwanza, kitabu baadaye. Mwambie mapema kuwa wewe ni Muislamu na kwamba sala ya ufunguzi hutaitamka. Mama yule nilipomwambia hivyo alijibu, "Wewe kaa kimya, mwanangu, miguu yako ndiyo niliyoiita." Akikulazimisha, ondoka kwa adabu. Wiki za mwanzo simama tu, na uridhike na kusimama. Usishindane na picha, wala na kijana aliye mkeka wa pili. Mtume wetu (s.a.w.) alimkumbusha sahaba Abdallah bin Amr, aliyekuwa akizidisha kufunga na kusimama usiku, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya ibada, vipi usiwe na haki mbele ya zoezi?

Kitabu cha Iyengar ningali nacho, lakini sikifungui tena sakafuni usiku. Hukifungua mchana, baada ya somo, nione mwalimu alikuwa akinieleza nini. Na nikifika mwisho wa swala hugeuza uso kuliani, kisha kushotoni, nikamshukuru Mola kwa shingo.

Wabillahi tawfiq.