Hongera, Wafugaji wa Ishaqbini

Nairobi ina bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutolea umma mwaka 1906. Yeye alikuwa tajiri wa mjini. Lakini wafugaji wa Kisomali wa Ishaqbini, huko Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, walitoa kitu ambacho mfugaji hukitoa kwa uchungu: malisho.

Mwaka 2007 waliitenga ardhi yao karibu na Mto Tana iwe hifadhi ya jamii kwa ajili ya hirola, swala wa "macho manne" ambaye asili yake ni eneo la mpaka wa Kenya na Somalia tu. Inakadiriwa wamebaki chini ya 500. Mwaka 2012 zikazungushiwa uzio takriban hekta 2,700, wakaingizwa hirola 48, mbali na meno ya simba na mbwa mwitu. Ndama wakazaliwa, na baada ya miaka michache idadi ikapita mia moja.

Kiangazi kikikaza, kuyaacha majani yale huku ng'ombe wako wana njaa kunataka moyo. Wazee mliokubaliana, vijana mnaolinda usiku na mchana: mahadsanid, yaani asanteni kwa Kisomali. Amana mmeitunza.