Semina Haitoshi

Wazee wa usharika waliponiomba tuandae semina kwa wazazi wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, nilikumbuka mradi wa Marekani ulioitwa Building Strong Families. Serikali ya huko iliugharamia katika maeneo 8. Wazazi wasiooana, zaidi ya jozi 5,000, wengi wao wa kipato cha chini, walijiandikisha walipokuwa wakitarajia mtoto au wametoka kumpata. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata huduma, wengine hapana, ili matokeo yalinganishwe.

Kwa uaminifu huo nausifu. Sisi makanisani huhesabu waliohudhuria na chai iliyonyweka, kisha tunatoa taarifa kwamba semina imefana.

Walifundishwa kusikilizana, kukosana bila kuumizana na kulea. Baada ya miaka 3, kwa wastani, waliopewa huduma hawakuwa wameoana wala kubaki pamoja kuwazidi wale wengine. Oklahoma City pekee palikuwa na nafuu ya kueleweka: watoto walioishi na wazazi wote wawili tangu kuzaliwa walikuwa asilimia 49 dhidi ya 41. Baltimore mambo yaliharibika mwanzoni. Wengi zaidi wakaachana.

Kosa naliona hapa: mradi ulidhani ugonjwa uko ulimini. Kweli, walikuwapo wahudumu wa kuwaelekeza kwenye kazi na misaada, lakini kuelekezwa si kupewa. Karibu nusu ya jozi hazikufika hata kipindi kimoja cha kikundi. Tusiwaite wavivu. Mtu wa kibarua akikaa darasani jioni, kesho yake ale nini?

Na mimi sina mahali pa kujificha. Kijana mmoja wa usharika wangu, baba wa watoto wawili, aliniambia, “Mchungaji, ndoa naitaka. Mahari sijamaliza, na ukweni wanataka sherehe.” Nilimjibu kwa somo la uvumilivu. Yeye na mama watoto wake bado hawashiriki Chakula cha Bwana, na sahihi iliyo kwenye uamuzi huo ni yangu.

Nimewaambia wazee kwamba semina nitaifundisha. Ila kwanza twende wote ukweni kwa kijana yule, tuombe ndoa ifungwe ibada ya asubuhi, bila ukumbi wala kamati ya michango, na mahari imaliziwe polepole. Mzee mmoja ameuliza nauli italipwa na nani.