Pongezi kwa Wapima Makohozi wa Doha

Mlinzi kutoka Kisumu au dereva kutoka Kampala akifika Doha, hupigwa eksirei ya kifua kabla ya kupewa kibali cha ukaazi. Picha ikitia shaka ya kifua kikuu, kazi huhamia kwa watu ambao pengine hatawaona kamwe: wataalamu wa maabara.

Hao ndio ninaowavulia kofia. Kuotesha vimelea vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa, na mwenye vimelea sugu anaweza kumeza vidonge muda wote huo bila nafuu, huku akiwaambukiza anaolala nao chumba kimoja. Kipimo cha GeneXpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, husoma vinasaba vya vimelea na kueleza ndani ya saa 2 hivi kama rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, itafaa. Kujua dawa nyingine zipi zingali na nguvu mara nyingi bado kunadai uoteshaji, macho makini na subira.

Kituo cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Hamad Medical Corporation mjini Doha, kinachotibu kifua kikuu na kilichofunguliwa mwaka 2016, kilipokea wagonjwa wa korona mwaka 2020. Kifua kikuu hakikwenda likizo, nao wataalamu wa maabara hawakuziacha sampuli zake.