Mganga Hajigangi

Wazee hunena kwamba mganga hajigangi. Wengi huitumia methali hiyo kuwa udhuru. Nataka kuipima kwa habari za India na Pakistan, kwa sababu askari wa nchi hizo walifika kwetu Ituri.

Tarehe 25 Februari 2005, askari tisa wa Bangladesh wa jeshi la Umoja wa Mataifa waliuawa huko Kafe, upande wa Djugu. Siku nne baadaye jeshi hilo likawaendea wanamgambo huko Loga. Ardhini walikwenda askari wa Pakistan pamoja na wenzao wa mataifa mengine. Juu yao zikaruka helikopta za India, zikiwakinga. Mimi nilikuwa kijana mdogo hapa Boga, wala sikujua kwamba kwao watu hao ni mahasimu.

Maana tangu mwaka 1947, Waingereza walipoondoka na nchi ikagawanywa, India na Pakistan wamepigana mara nyingi: mwaka ule ule, kisha 1965, 1971 na 1999. Bangladesh yenyewe ilizaliwa katika vita vya 1971. Mwaka 1998 wote wawili walijaribu mabomu ya atomiki. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa huko Pahalgam, katika Kashmir. India iliishtaki Pakistan, Pakistan ikakana, na mwezi wa Mei wakapigana siku nne.

Wengine husema: "Ni dini tu, hawawezi kupatana." Nakataa. Kama ingekuwa hivyo, Mpakistani hangemwachia Mhindi mgongo wake pale Loga. Pale walikuwa na kazi moja, wala hakuna aliyepata faida kwa kumchukia mwenzake. Nyumbani faida ipo: mkubwa akimnyoshea adui kidole, watu husahau kumwuliza habari za bei ya unga.

Hasara huwapata wadogo. Mwaka 2019 India ilipandisha ushuru wa bidhaa za Pakistan hata asilimia 200, kisha Pakistan ikasimamisha biashara. Mwaka 2025 njia ya Attari na Wagah ikafungwa. Kutoka Amritsar hata Lahore ni kilomita 50 tu hivi, lakini bidhaa nyingine zimezungushwa mpaka Dubai! Sisi wa karibu na Semliki hatuhitaji mwalimu wa somo hilo. Njia ya Uganda ikifungwa, chumvi na sabuni hupanda bei. Naye aliyeifunga hakosi sabuni.

Desemba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI, alipokuwa Bombay, aliwaomba wakuu wa mataifa watenge sehemu ya fedha za silaha iwe ya kuwasaidia maskini. Kabla ya mwaka kutimia, India na Pakistan wakawa vitani. Na Juni 2025 serikali ya Pakistan, yenye madeni mazito, ilipunguza matumizi yake yote kwa jumla, lakini fedha za jeshi ikaziongeza kwa asilimia 20. Je, ni nani aliyepunguziwa, kama si mgonjwa na mtoto wa shule?

India nayo ina kosa lake. Kwa miaka mingi imekataa mtu wa tatu aingie katika shauri la Kashmir. Lakini mkataba wa maji ya mto Indus wa 1960 ulipatikana kwa msaada wa Benki ya Dunia, nao ulidumu katika vita vya 1965, 1971 na 1999. India yenyewe ndiyo iliyousimamisha Aprili 2025.

Tusiwacheke. Majeshi ya Uganda yalituumiza hapa Ituri, na Kongo ikapeleka shauri mbele ya Mahakama ya The Hague. Hukumu ilitolewa mwaka 2005, na mwaka 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325. Fedha haifufui mtu. Lakini neno lilisemwa mbele ya mwamuzi, na jirani amebaki jirani.

Basi methali ni ya kweli, ila tunaisoma vibaya. Haisemi kwamba mganga afe na ugonjwa wake. Yasema amwite mganga mwingine, na akiandikiwa dawa, ainywe.